Pedi mpya na mafuta mapya ya breki, siku moja, uani kwako

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na kimo kinachopotea njiani kinakaribia mita 1,000. Mwaka wa kwanza wa Toyota IST yangu nilishuka mteremko ule na abiria wanne na magunia mawili ya viazi, gia ikiwa D mwanzo hadi mwisho na mguu haubanduki kwenye breki. Tulipopita Soni nikasikia harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Kona chache mbele pedali ikawa laini. Niliikanyaga ikazama nusu, nikaikanyaga tena ikazama zaidi. Nikarudisha gia ndogo, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, tukasimama upande wa mlima. Hakuna aliyesema neno. Saa moja baadaye, vyuma vilipopoa, pedali ilikuwa ngumu kama vile hakuna lililotokea.

Pedi zile zilikuwa na umri wa wiki moja. Gereji ilikuwa imezibadilisha na nikalipa nikijua nimemaliza habari ya breki. Mafuta ya breki hakuna aliyeyagusa, na sidhani kama yaliwahi kuguswa tangu gari lishuke bandarini.

Tangu siku hiyo kazi hizi mbili huzifanya pamoja. Tairi ikishafunguliwa, nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu, iko palepale mbele ya macho yako, na kuiacha ni kufanya nusu ya kazi. Hapa naeleza ninavyofanya kwenye IST ya 1300, yenye diski mbele na drami nyuma. Vitz, Raum na gari nyingi ndogo za Toyota za miaka ile zinafanana nayo sana.

Kwa nini mafuta huchakaa wakati hayaungui

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani. Unyevu huingia polepole kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kopo la mafuta hayo chini ya boneti, na sisi wa Tanga, Dar na mwambao wote hewa yetu haijawahi kuwa kavu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishabeba maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa makavu na 155 yakiwa na maji. Diski kwenye mteremko mrefu hupita nyuzi hizo bila shida, joto likapenya kwenye pedi, likaenda kwenye pistoni inayozisukuma pedi, likafika kwenye mafuta. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanyika. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana pedali inazama ukiwa unateremka na inapona ukisimama.

Badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama gari hutembea kanisani na sokoni tu. Rangi inasaidia kiasi: mapya yanang'aa kama chai ya rangi iliyokolea kidogo, ya zamani huwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Lakini mafuta yanaweza kuonekana masafi na bado yamejaa maji, kwa hiyo hesabu miaka, usiamini jicho.

Pedi ni rahisi kuhukumu. Pedi mpya ina unene wa kama milimita 10 hadi 12 bila kuhesabu bati la nyuma. Ikifika 3 mimi naitoa. Kuna kichuma kidogo kilichofungwa kwenye pedi ambacho hugusa diski na kupiga mluzi zinapokaribia kuisha, lakini kwenye pedi nyingi za bei rahisi hakipo kabisa.

Jambo moja linachanganya wengi. Pedi zikiisha, pistoni husogea mbele na mafuta kwenye kopo hushuka. Mtu anafungua boneti, anaona yamepungua, anaongeza hadi juu. Siku pistoni zinarudishwa nyuma kwa ajili ya pedi mpya, mafuta yanafurika na kula rangi ya gari. Ukiona yameshuka, chungulia pedi kwanza. Kama pedi bado nene, basi kuna mahali panavuja, na hapo kazi si ya kubadilisha pedi.

Vya kununua na vya kuazima

Mafuta ya breki lita moja, chupa iliyofungwa na utepe wake wa kiwandani haujakatwa. Usikubali kupimiwa kutoka kwenye chupa iliyo wazi, kwa sababu mafuta yaliyokaa wazi rafuni tayari yamekunywa maji. Soma kifuniko cha kopo kwenye gari lako: IST imeandikwa DOT 3. DOT 4 inaweza kuingia mahali pa DOT 3, na kwa anayepanda na kushuka milima mimi ningemshauri aitumie. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, imetengenezwa kwa silikoni na haichanganywi na hizi. Usidanganywe na namba kwamba kubwa ndiyo bora.

Pedi seti moja ya mbele, yaani vipande vinne. Chukua pedi ya zamani au namba ya chasisi uende nayo dukani. Pedi bandia zipo nyingi na boksi zake zinapendeza. Mimi huangalia kama bati la nyuma limenyooka, kama kingo za pedi hazimeguki nikizisugua kwa ukucha, na kama vipande vyote vinne vinalingana. Muuzaji akikataa nifungue boksi, naondoka.

Kwenye vifaa: jeki, stendi mbili za chuma, wili spana au boksi namba 21, spana ringi namba 14, na spana ringi namba 8 na 10 kwa ajili ya nipo. Bomba laini la plastiki linalopitisha mwanga, kama mita moja, linalobana vizuri kwenye nipo. Chupa ya plastiki yenye kifuniko, sirinji kubwa kutoka duka la dawa, brashi ya waya, msasa laini, jiklampu (kibano cha kukaza kwa skrubu), waya au kamba imara, matambara safi, glovu, ndoo ya maji. Grisi ya breki ya silikoni, kitubu kidogo tu. Grisi ya kawaida ya beringi itavimbisha mipira na kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, itaganda ndani ya miezi. Kwa kusafishia tumia dawa ya breki au spiriti, usitumie petroli wala mafuta ya taa.

Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiweza kuazima, azima.

Kuinua gari

Tafuta sehemu ya sakafu au ardhi iliyoshindiliwa na isiyo na mwinamo. Mchanga haufai, kama uani kwako ni mchanga, tandika mbao nene chini ya jeki na chini ya stendi. Weka gia P, vuta breki ya mkono, pachika mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Legeza nati za tairi za mbele nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kisha inua.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Stendi ziingie kwenye ule ukingo wa chuma ulioimarishwa chini ya milango, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Shusha gari likalie stendi, lisukume kwa mkono. Likitikisika, anza upya. Tairi ulizozitoa zilaze chini ya gari, ili likianguka liangukie tairi.

Pedi

Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili. Upande ambao hujaufungua ndiyo picha yako ya kuangalizia.

Kwanza maji. Lowesha kalipa na diski kwa tambara bichi au mwagia maji taratibu, kisha futa. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani na nyingine za bei ya chini zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi hilo huharibu mapafu. Nimeona vijana gerejini wakilipuliza usoni mwao kutwa nzima, na kila mara roho inaniuma.

Nyuma ya kalipa utaona bolti mbili za namba 14. Fungua ya chini, kisha inua kalipa juu kama mfuniko wa sanduku, izungukie ile ya juu. Kama haiinuki vizuri, fungua zote mbili, itoe, uifunge kwa waya kwenye springi. Kalipa isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta hata kwa dakika moja. Mpira unaweza kukatika ndani usione chochote kwa nje.

Chomoa pedi mbili na uzitazame kwa makini kabla ya kuzitupa pembeni, kwa maana zina habari. Zikiwa zimelika sawasawa, mambo ni mazuri. Ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, kalipa haitelezi kwenye pini zake au pistoni inakwama kurudi. Pedi ikiwa imelika kama kabari, nene huku nyembamba kule, pini mojawapo imeshika. Ukiweka pedi mpya bila kutibu hilo, utarudi kazini baada ya miezi michache.

Kwa hiyo chomoa pini. Zinapaswa kutoka kwa mkono, ziking'aa. Zikiwa na kutu, zisugue kwa msasa laini, zisafishe, zipake silikoni nyembamba, rudisha. Kipira chake cha nje kikiwa kimepasuka, nunua kipya siku hiyohiyo. Tazama pia kifuniko cha vumbi kinachozunguka pistoni. Ukiona unyevu wa mafuta pale, simama. Kalipa hiyo inahitaji seti ya mipira mipya, na hilo mpelekee fundi.

Diski: pitisha kidole kutoka katikati kwenda ukingoni. Mikwaruzo midogo isiyoshika ukucha si kitu. Mifereji mirefu, nyufa, au ukingo ulioinuka kama mdomo wa sahani vinataka diski ipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta herufi MIN TH. Ikiwa chini ya hapo, badilisha diski zote mbili.

Sasa rudisha pistoni nyuma. Hapa mafundi wengi hukandamiza kwa bisibisi na mafuta machafu yanarudi juu hadi kwenye ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Mimi nafanya hivi: bomba la plastiki kwenye nipo, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Naweka pedi ya zamani juu ya pistoni, naibana na jiklampu, nafungua nipo robo mzunguko, nakaza jiklampu polepole. Mafuta yaliyopikwa muda mrefu kuliko yote, yale yaliyokaa nyuma ya pistoni, yanatoka nje ya gari badala ya kupanda ndani. Pistoni ikifika mwisho, nafunga nipo *kwanza*, ndipo naachia jiklampu.

Sugua kwa brashi ya waya sehemu ambazo masikio ya pedi yanakaa, weka vile vibati vyake vipya kama vimo kwenye boksi. Pedi mpya iteleze kwa mkono. Ikihitaji nyundo, kuna kutu bado. Paka silikoni kidogo mno nyuma ya bati la pedi linapogusana na pistoni na kalipa, na usiruhusu hata tone kwenye uso wa pedi au diski. Teremsha kalipa, hakikisha mpira wa mafuta haujajisokota, kaza bolti. Kwa gari hili ni nyutonmita 34. Si nyingi, anayekaza kwa uzito wa mwili wote ndiye anayekata nyuzi.

Rudia upande wa pili.

Mafuta

Kazi hii inahitaji watu wawili na kuelewana. Msaidizi wangu ni mpwa wangu wa kidato cha pili, na kabla ya kuanza tunakubaliana maneno. Mimi nikisema "kanyaga", yeye anakanyaga taratibu na kujibu "nimekanyaga". Nikisema "achia", ndipo anaachia, si kabla. Akiachia pedali nipo ikiwa wazi, hewa inanyonywa ndani na tunarudi mwanzo.

Chini ya pedali weka kipande cha mbao, ili isifike sakafuni. Kwenye gari la miaka ishirini, pistoni ya masta silinda imezoea kutembea umbali fulani tu. Ukiipeleka hadi mwisho inapita kwenye sehemu yenye kutu na kukwaruza mipira yake, na gari lililoingia na breki nzuri linatoka na pedali inayozama.

Injini izimwe. Funika fenda kwa tambara bichi. Futa kopo kwa nje, fungua kifuniko, nyonya mafuta ya zamani kwa sirinji ukibakiza kidogo chini ili tundu za chini zisifunuliwe, kisha jaza mapya hadi alama ya MAX.

Anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari zetu za usukani wa kulia hiyo ni ya nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Gari lako likiwa na kitabu kinachosema vinginevyo, fuata kitabu. Kwa tairi za nyuma inua nyuma ukiwa umerudisha zile za mbele, gari likiwa kwenye stendi, mawe yakiwa mbele safari hii. Nipo ya drami iko nyuma ya bamba la chuma linaloifunika drami kwa ndani, katikati ya kutu na matope. Isafishe kabla hujaigusa.

Tumia spana ringi tu. Spana mdomo huviringisha kingo, na koleo ni janga. Nipo ikigoma, ipulizie dawa ya kutu, igongegonge kwa upole, subiri robo saa. Ikigoma tena, iache. Nipo iliyokatika inaweza kukugharimu kalipa nzima.

Kisha mzunguko ni huu:

1. Pachika spana, halafu bomba, ncha nyingine izame ndani ya mafuta kwenye chupa.
2. "Kanyaga." Akanyage mara tatu polepole, ya tatu ashikilie.
3. Fungua nipo robo mzunguko. Mafuta yatatoka na pedali itashuka hadi kwenye mbao.
4. Funga nipo pedali ikiwa bado chini.
5. "Achia." Subiri sekunde mbili tatu, rudia.

Tazama bomba. Yataanza kutoka meusi, yatafuata ya kahawia, mwisho masafi yasiyo na mapovu. Tairi la nyuma kushoto hula mafuta mengi kuliko mengine kwa sababu bomba lake ni refu. Kila baada ya mikanyago mitano hivi ongeza kwenye kopo. Hili ndilo la kuliogopa kuliko yote: kopo likikauka, hewa inaingia kwenye masta silinda, na kwa gari lenye ABS kuitoa kunaweza kuhitaji mashine ya gereji. Siku moja mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, sasa inazama bila kugoma." Nilikuwa nimenogewa na kazi, nimesahau kuongeza. Tulikesha tukitoa upepo tairi zote nne upya.

Kila tairi likiisha, kaza nipo kwa kiasi tu, rudisha kikofia chake cha mpira, osha sehemu yote kwa maji. Tone lililodondoka kwenye rangi mwagia maji papo hapo, usilifute kavu.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja

Rudisha tairi, kaza nati kwa mshazari, shusha gari, malizia kukaza likiwa chini: nyutonmita 103. Kopo liwe MAX, kifuniko kimefungwa.

Sasa keti kwenye usukani na ukanyage breki, injini ikiwa bado imezimwa. Pistoni tulizirudisha nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaweza kuzama wote bila kukutana na chochote. Kanyaga mara tano, kumi, hadi iwe ngumu na juu. Anayesahau hili anaweka gia ya nyuma, anakanyaga, na breki haipo. Na nyuma yake pengine kuna ukuta, pengine kuna mtoto.

Ikishakuwa ngumu, shikilia kwa nguvu dakika moja. Isishuke. Washa injini: itashuka kidogo kwa sababu ya buta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, kisha isimame. Ikiendelea kuzama polepole, au ikiwa inabonyea kama sponji, gari halitoki. Tafuta unyevu kwenye nipo na viungo, toa upepo upya, na ikishindikana mwite fundi aje gari lilipo, usilipeleke kwake likiendeshwa.

Jaribu kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Halafu tafuta barabara tupu na iliyonyooka, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 kwa breki ya wastani bila kusimama, endesha kidogo vipoe, rudia kama mara kumi. Pedi na diski zinazoeana hivyo. Siku za mwanzo usizikanyage kwa fujo ila ukilazimika. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena nati, chungulia nyuma ya kila tairi kama kuna unyevu, tazama kopo.

Mafuta machafu ni sumu. Ukiyaweka kwenye chupa ya soda, rangi yake inamdanganya mtoto. Yaweke kwenye galoni yenye maandishi makubwa, ifunge, ifiche mbali, uipeleke kwenye gereji inayopokea taka za mafuta, bila kuichanganya na oili ya injini. Usimwage mtaroni. Yaliyobaki kwenye chupa mpya usiyatunze kwa ajili ya mwakani.

Mwisho chukua plasta nyeupe, andika tarehe na namba ya kilomita, ibandike chini ya boneti juu ya kopo la breki. Ya kwangu inasomeka miezi kumi na minne sasa, na Disemba napanda Lushoto.